Mchezo wa vizazi haunogi bila wazee

Kipindi cha televisheni cha Australia, Talkin' 'Bout Your Generation, kilianza mwaka 2009 katika kituo cha Network Ten. Mwendeshaji wake, Shaun Micallef, alikutanisha timu tatu: waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa makamo na vijana. Utamu wake ulikuwa kumwona kila mmoja akihangaika na mambo ya enzi za mwenzake.

Kilisimama mwaka 2012, kikarejea mwaka 2018 katika kituo cha Nine. Micallef alikuwa yuleyule na timu zilikuwa tatu vilevile. Lakini ili kizazi kipya kipate viti, wakubwa ndio walioondolewa.

Mtazamaji wa tangu mwanzo ana haki ya kunung'unika. Vijana walistahili nafasi, hilo halina ubishi. Ila mdogo kabisa wa kizazi kilichotolewa, yule wa mwaka 1964, alikuwa na miaka 54 tu. Huyo bado ni mtu wa kazi.

Wafanyabiashara wa Namanga na Busia wataelewa upesi. Kijana anajua kuulizia bei na kutuma fedha kwa simu. Mama wa miaka 54 anajua nani apewe mali kauli na nani alipe kwanza. Biashara inawahitaji wote wawili.

Televisheni ikimwondoa mkubwa, inapoteza kicheko. Duka likimwondoa, linapoteza mtaji.