Chanjo imempita, uchunguzi bado: Binti wa miaka 20 Tabora afanye nini?

Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, inatolewa nchi nzima tangu Aprili 2018. Ilianza kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uchunguzi nao unahimizwa zaidi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Sasa msomaji, kama una miaka 23 au 27 na una mwenza, utaona hujatajwa popote. Aliyezaliwa 2002 au kabla alishavuka miaka 14 chanjo ilipoanza.

Pengo hili lipo nchi nzima, ila Tabora lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo tayari ni mama au wana mimba ya kwanza. Kitaifa ilikuwa asilimia 27. Tuweke kando lawama za maadili (zimetosha, na hazijawahi kutibu mtu). Kitabibu takwimu hiyo inasema kirusi kinaingia mapema.

HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na wengi huipata katika miaka ya mwanzo. Mara nyingi mwili huiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Ndiyo maana binti wa miaka 20 mwenye afya haitwi kupimwa: yangeonekana mabadiliko ambayo yangepotea yenyewe, naye angetibiwa bila sababu. Kwa wachache kirusi hung'ang'ania, na kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20. Fanya hesabu. Kwa aliyeanza ngono akiwa na miaka 15, miaka 30 siyo mapema hata kidogo. Akisema atakwenda mtoto wa mwisho akikua, au mavuno yakiisha, tayari amechelewa.

Kwa anayeishi na VVU hesabu hiyo haifanyi kazi. Kwake safari inaweza kuwa ya miaka 5 hadi 10, na hatari ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye na VVU. Huyu asisubiri miaka 30. Aulizie uchunguzi pale pale anapochukulia dawa zake.

Na yeyote mwenye dalili naye asisubiri, awe na umri wowote: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha. Wapo wanaoambiwa ni chango, wakanywa mizizi hadi miezi ikapita.

Uchunguzi wenyewe hautishi. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Penye kifaa, hutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au joto, bila kulazwa.

Je, chanjo bado inamfaa aliyekwisha kuanza ngono? Inafaa, ila kwa sehemu. Haiondoi kirusi kilichomo. Inazuia aina ambazo hajakutana nazo. Akiwa nje ya mpango wa Serikali, itabidi aulizie hospitali binafsi na alipie. Mwenye uwezo, fedha hiyo haijapotea. Asiye nao asikate tamaa, maana hata aliyechanjwa anapaswa kupimwa akifika umri: aina 16 na 18, zinazolengwa na chanjo, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hizi, siyo zote. Na uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi. Ndani yake mna ganda tu la kirusi, hakuna kirusi hai.

Kuchelewa Tabora kuna gharama kuliko Dar es Salaam. Tiba ya mionzi hufuatwa Bugando, Mwanza, karibu kilomita 380 kwa reli, au Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 840. Hiyo ya pili ni ile njia ya misafara ya kale, iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi wakiitembea kwa miezi. Leo usafiri wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mionzi huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa anahitaji pa kulala, chakula na wa kumuuguza, huku nyumbani kumebaki watoto na shamba la tumbaku. Kila mwaka zaidi ya Watanzania 6,000 hufa kwa saratani hii.

Kinachoniudhi ni kwamba binti huyu tunakutana naye. Anakuja kliniki ya wajawazito, anapimwa VVU, anarudi na mtoto kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, kisha 18. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kumuuliza dalili na kumwandikia kwenye kadi mwaka atakaotimiza 30. Haihitaji bajeti mpya, inahitaji kalamu.

Akiwa hapo, aulizwe pia kuhusu mdogo wake wa miaka 12 aliyeacha shule Urambo au Sikonge. Chanjo hutolewa pia kwenye zahanati na vituo vya afya, bila malipo, na hakuna anayedaiwa sare.