*"NI YA MUDA TU": MSIMAMO WA TAWI KUHUSU MAHEMA NA MAJUKWAA FORODHANI NA NGOME KONGWE*



Ujumbe huu ni mrefu. Tunaomba usomwe wote kabla ya kujibiwa, na asitokee mtu akakata kipande kimoja akakipeleka kwenye makundi mengine bila ya kilichobaki.

Mjadala kundini na barzani siku hizi ni mmoja: masharti ya kusimamisha mahema, majukwaa na vibanda vya muda ndani ya Mji Mkongwe. Wapo waliosema masharti yanaua riziki za vijana. Wapo waliosema shughuli zote zihamishiwe Maisara na mji uachwe upumzike. Kamati ya tawi imekaa na imewasikiliza wote. Msimamo ni huu: *masharti yabaki, yaandikwe pahala pa wazi, na yamshike mkubwa kama yanavyomshika mdogo.*

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. "Ni ya muda tu." Siku hizi neno hili ni ufunguo wa kila mlango. Ukiuliza kwa nini jukwaa limeegemezwa ukuta wa Ngome, unajibiwa ni la muda tu. Ukiuliza kwa nini njia ya kupitia bustanini imefungwa kwa mabati, unajibiwa ni ya muda tu. Hema la siku 3 ni la muda, hatubishi. Lakini hema linalokaa mwezi, likavunjwa Jumapili, likarudishwa Jumatano kwa shughuli nyengine na bango jengine, hilo ni jengo. Tofauti yake na jengo ni kwamba halikupitiwa na mhandisi, halikuchorwa ramani, na mwenyewe hatajwi.

Tukumbushane tunazungumzia nini. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na sheria ya mwaka 2010 ndiyo iliyoipa nguvu ilizonazo sasa. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Mreno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17, pahala palipokuwa na kanisa la Kireno. Imewahi kuwa kambi na imewahi kuwa jela. Bustani ya Forodhani wazee wetu waliijua kwa jina la Jubilee Gardens, ikafanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009: ukuta wa bahari, njia, taa, mabomba, misingi ya maji ya mvua. Vitu hivyo vyote vimelala chini ya nyasi. Anayekuja na nyundo na vigingi vya chuma kupigilia hema lake hapigilii mchanga mtupu.

Na kuta zetu si za saruji. Ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa kinapumua. Kinavuta unyevu na kuutoa, kinakwenda pamoja na jengo likitulia kidogo kidogo. Ukikitoboa kwa bolti ya chuma, chuma kinashika kutu kwa hewa ya chumvi, kinavimba, kinapasua jiwe kwa ndani. Ufa huo hauonekani usiku wa tamasha. Unaonekana masika ya mwaka unaofuata, maji yanapoingia, na hapo mwenye jukwaa keshaondoka na mabomba yake. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunaongeza kwamba ukuta wa Ngome haujengwi mara ya pili. Unaweza kujenga mfano wake, basi.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, hatua chache tu kutoka Ngome Kongwe, ikiwa katika matengenezo. Watu wawili walipoteza maisha. Hatusemi jukwaa ndilo lililoiangusha, na mwanachama atakayesema hivyo kwa jina la tawi atakuwa amesema lake. Tunasema hivi: jengo la Barghash la mwaka 1883, lililosimama mbele ya macho ya kila mtu, lenye wataalamu ndani yake, lilianguka mchana. Aliyeliona kifusi kile hana haki tena ya kutuambia kwamba kuta hizi ni ngumu na zimezoea.

*Sasa hoja ya riziki.* Hii ni nzito na hatutaipita juu juu.

Matamasha yanaleta fedha. Sauti za Busara ipo tangu 2004, na tamasha la filamu la ZIFF lilitangulia miaka kadhaa kabla yake. Februari na Julai nyumba za wageni zinajaa, dereva anapata, mshona kanzu anapata, kijana wa kubeba spika anapata. Mwaka 2016 Busara ilipokosekana kwa kukosa fedha, kila mwenye duka Shangani aliujua ukimya ule. Tawi hili halitaki muziki utoke Ngome Kongwe. Ngome isiyo na watu inageuka ghala na choo cha usiku, na kila mzee wa hapa anajua jengo lililofungwa linakufa upesi kuliko linalotumika. Kwa hivyo wale wanaotaka mji uwe makumbusho, watalii wapige picha na sisi tupite kwa vidole, hawana sauti yetu.

Lakini tuulizane: ni riziki ya nani inayolindwa sharti linapolegezwa? Mama wa urojo akisogeza meza yake hatua mbili nje ya mstari, anaambiwa aiondoe usiku huo huo. Mkaanga pweza analipa ushuru, anavaa aproni, anakaguliwa. Kisha inakuja shughuli ya tajiri na hema jeupe la kufunika nusu ya bustani, na yule yule mama anahamishwa pembeni siku tano bila ya fidia na bila ya kuulizwa. Naye anaambiwa ni ya muda tu! Siku tano za mama huyo ni ada ya skuli. Mwenye nguvu mpishe ni methali ya barabarani, haiwezi kuwa sera ya mipango miji.

Kwa hiyo anaposimama mtu na kusema "masharti yanawaumiza wanyonge", tunamwambia aangalie vizuri. Mnyonge masharti anayo tayari, tena yanatekelezwa kwa mgambo. Anayeishi bila ya masharti ni mkubwa.

Kuna waliouliza kundini: je, kwengine wanafanyaje, au ni sisi tu tunaojitia ugumu? Uingereza, ambako wana majumba ya kale ya kutembelewa na wageni hadi mengine yamefanywa viwanja vya michezo na mabembea, waliona tatizo hili hili. Mwaka 2022 huko England waliruhusu vivutio vya kihistoria kuweka mahema ya kuhamishika bila ya kupitia maombi kamili ya ujenzi. Ni ruhusa, lakini ruhusa yenye namba: jumla isizidi siku 120 kwa mwaka, kimo kisizidi mita 3, eneo lisizidi mita za mraba 50, na mamlaka ya eneo iridhie kwanza. Hatusemi tuzichukue namba hizo kama zilivyo. Jukwaa la muziki la mita 3 halipo, na bustani yetu si shamba la bwana mkubwa wa Kiingereza, ni njia ya watu wote kila siku. Tunachokitaka kutoka huko ni kimoja: neno "muda" limepewa hesabu. Mtu anaweza kuhesabu siku kwa vidole akajua sheria imevunjwa. Kwetu leo ukitaka kujua hema limekaa kihalali au la, inakubidi umjue mtu.

Wengine wanasema UNESCO wanatutisha tu, hawatatufuta. Dresden ya Ujerumani ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja. Liverpool ilifutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa bandarini. Hayo yalikuwa majengo ya kudumu, kweli, na hema halifuti mji. Ila sisi hatuanzi na daftari jeupe. Kadhia ya jengo la Mambo Msiige pale Shangani ilifika mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia na kulalamikiwa vikao zaidi ya kimoja. Kisha ikaja Beit al-Ajaib. Mwenye madeni mawili dukani hakopi sabuni kwa kiburi.

Lipo na jambo la usalama, na hili halina chama. Busara inaangukia msimu wa kaskazi. Hema lisilopigiliwa chini linahitaji uzito: matangi ya maji, mifuko ya mchanga, vyote kwa hesabu ya mhandisi na si kwa jicho la fundi. Ngome ina milango ya kuhesabu. Ukiweka jenereta mlangoni, waya zikalala njiani, na watu wakajaa ndani, gari la zimamoto litapita wapi katika vichochoro vyetu? Sharti la kuacha njia wazi si urasimu. Ni mtoto wako kurudi nyumbani.

Basi tawi linataka nini? Tunataka kila kibali cha jengo la muda kibandikwe pale pale lilipo, kwa Kiswahili, kikionesha jina la mwenye shughuli, siku ya kusimamisha na *siku ya kuvunja*. Tunataka pahala kama Forodhani pawekewe jumla ya siku kwa mwaka mzima ambazo panaweza kuzibwa, na zikimalizika zimemalizika, hata akija nani. Mwenye shughuli aweke dhamana ya fedha kabla hajaleta bomba la kwanza, irudishwe baada ya Mamlaka kukagua ukuta na nyasi, na ikatwe kama pana uharibifu. Hapana kufunga kitu chochote kwenye kuta za Ngome, si kamba, si bolti, si bango la soda. Wauzaji wa Forodhani wakihamishwa, walipwe siku zao kutoka fedha ya shughuli hiyo na wajulishwe mapema kupitia kamati yao. Na njia ya kutoka barabarani hadi ukuta wa bahari isifungwe hata usiku mmoja: pale ndipo vijana wetu wanaporuka majini na wazee wanapopunga upepo, bila ya tiketi.

Kwa shughuli ndogo za watu wa mitaa, maulidi, taarab ya harusi, michezo ya watoto ya sikukuu, tunataka ada iwe ndogo na jibu litoke upesi. Sharti zuri si lazima liwe ghali. Mwenye turubai moja na viti 100 hawezi kusubiri foleni moja na mwenye jukwaa la tani kadhaa.

Na hili tuliseme kabla ya wapinzani kutusemea: *sharti hili liguse mikutano ya vyama, chetu kikiwemo, na sherehe za Serikali.* Jukwaa lililopambwa kwa bendera lina uzito ule ule. Mjumbe mmoja aliuliza kwenye kikao kama hapa hatujifungi wenyewe. Ndiyo, tunajifunga. Vyenginevyo hatuna uso wa kwenda kumwambia tajiri avunje hema lake.

Hatua zinazofuata. Katibu ameandika barua mbili, moja kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe na moja kwa Baraza la Manispaa, na nakala itakwenda kwa Mwakilishi wetu. Barua zitasomwa mbele ya wanachama Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, barzani kwetu kama kawaida, na zitapelekwa Jumatatu zikiwa na saini za watakaohudhuria. Anayetaka kurekebisha neno aje na neno lake. Kina mama wanaouza Forodhani tunawaomba waje mapema, maana kipengele cha fidia tunataka wakiandike wao, kwa hesabu zao.

Wenye picha za kuta zilizotobolewa au nyasi zilizochimbwa baada ya shughuli wamtumie Katibu moja kwa moja, pamoja na tarehe picha ilipopigwa. Picha isiyo na tarehe msitume. Na msipige picha ya fundi wala kibarua usoni. Yeye anatumwa.

Imetolewa na:
*Katibu Uenezi wa Tawi*
kwa niaba ya Kamati ya Tawi