Rom hakuliwa na mamba

Mimi ni mtu wa kupenda filme, na sikatai hadithi ya zamani irudiliwe. Wazee wetu kwenye moto walirudilia hadithi moja kila mtu kwa namna yake. Lakini hawakumunyanganya shujaa kazi yake na kuipatia mgeni.

Raoul Peck alipotoa « Lumumba » mwaka 2000, picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Si kitu: mle ndani Lumumba mwenyewe ndiye anasimulia. Mwaka 2016 wakamurudisha Tarzan, safari hii katika Kongo ya Léopold II iliyotengenezwa kwenye studio za Uingereza. Tarzan, Mzungu wa porini, ndiye anatuokoa, na Léon Rom, ofisa wa Léopold, analiwa na mamba.

Mwanafunzi mmoja hapa Bagira akafurahi: « Mwalimu, kumbe alilipa! »

Hapana, mwanangu. Rom alifia Bruxelles mwaka 1924. Hakuna mamba aliyemugusa.

Filme yenye kulipa deni kwa uongo inatusahaulisha deni la kweli. Wazazi, filme ikiisha, tusikimbilie kulala. Tubaki na watoto, tuwasimulie.