Kusoma Wenzako Hakukuibii Sauti

Makala iliyochapishwa Jumapili iliyopita inawashauri chipukizi wasisome vitabu vya waandishi wenzao, eti watapoteza sauti yao. Ushauri huu unadhuru, na historia ya fasihi yetu inaukataa.

Mtazameni Euphrase Kezilahabi. Mwaka 1974 alichapisha Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani na kuzusha ugomvi mkali miongoni mwa washairi. Miaka miwili baadaye, tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu riwaya za nani? Za Shaaban Robert, bingwa wa vina na mizani! Alimsoma kwa umakini wote, akaandika kwa njia yake, na hakuna anayechanganya sauti zao. Naye Shaaban Robert alimfasiri Omar Khayyam, tena akaandika kitabu kizima kumwenzi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Je, alipungukiwa na nini?

Asiyesoma ndiye anayeiga vibaya zaidi, kwa kuwa hurudia yaliyokwisha kusemwa akidhani ameyazua yeye. Vijana, msiufuate ushauri huo. Anzeni na hawa wawili, kisha wasomeni walio hai, hasa wale mnaowaonea wivu.