Reddit iwarudishie wasimamizi haki yao

Kampuni ya mtandao wa kijamii ya Reddit ilikuwa na haki ya kutafuta fedha. Tunalisema hilo mapema kwa sababu watetezi wa uongozi wake hukimbilia hapo kila wanapobanwa. Kuendesha mtandao ni gharama, na hakuna aliyemtaka Mkurugenzi Mtendaji, Steve Huffman, afanye kazi kwa hasara. Kinachomtia hatiani ni alivyowatendea watu ambao bila wao asingekuwa na cha kuuza.

Aprili 2023 Reddit ilitangaza kwamba programu za nje zinazochota data zake zitaanza kulipia. Bei ikajulikana mwishoni mwa Mei: takriban dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50 ya data. Christian Selig, mtengenezaji wa Apollo, programu iliyopendwa sana na watumiaji wa iPhone, alipiga hesabu akakuta atadaiwa dola milioni 20 hivi kwa mwaka. Alibakiwa na siku 30 za kujipanga, ilhali wapo wateja waliokwisha kumlipa ada ya mwaka mzima. Mpangaji anayepandishiwa kodi kiasi hicho anajua amepewa notisi ya kuhama. Apollo ilifungwa Juni 30.

Bei pekee ingeweza kujadiliwa. Lakini uongozi ulidai kwamba Selig aliitishia kampuni ili alipwe dola milioni 10. Selig akaweka hadharani sauti ya mazungumzo yao ya simu, na ndani yake mwakilishi wa Reddit anasikika akikubali kwamba alimwelewa vibaya na kuomba radhi. Kiongozi muungwana angefuta kauli siku hiyo hiyo. Huffman, alipojibu maswali ya watumiaji Juni 9, alilalamikia kurekodiwa.

Kisha kuna suala la wasioona, na hapa hatuoni utetezi wowote. Simu ya asiyeona humsomea kwa sauti jina la kila kitufe anachokigusa. Kitufe kisichopewa jina hakimfai kitu. Wasimamizi wasioona wa r/Blind, moja ya majukwaa ya mijadala ndani ya Reddit yanayosimamiwa na watu wa kujitolea, walieleza kwamba zana za usimamizi katika programu rasmi ya Reddit hazikuwafaa, na kwamba kazi yao waliifanya kwa programu hizo hizo za nje. Kampuni ilizisamehe ada programu za kuwasaidia watu wenye ulemavu zisizo za kibiashara, lakini baada ya kelele kupigwa. Kwa kampuni iliyoanzishwa mwaka 2005, kuwakumbuka wasioona katika dakika za mwisho ni aibu.

Juni 12 majukwaa zaidi ya 8,000 yalijifunga kwa kugoma, kupinga ada hizo. Huffman aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba kishindo hicho kingepita kama vilivyopita vingine, na siku chache baadaye akawafananisha wasimamizi, katika mahojiano na NBC, na makabaila wanaorithishana ardhi. Makabaila gani hao? Msimamizi wa Reddit halipwi hata senti. Ndiye anayefuta matusi, matangazo ya matapeli na picha chafu, aghalabu baada ya kutoka kwenye kazi inayomlisha. Watu hao ndio walioandikiwa kwamba wafungue majukwaa au nafasi zao wapewe wengine, na baadhi wakaondolewa kweli.

Waandaaji wa mgomo nao walikosea. Kutangaza kwamba mtagoma kwa saa 48 ni kumwambia mwajiri asubiri saa 48. Hata hivyo, udhaifu wa mgomo hauwezi kuwa uhalali wa dhuluma.

Machi 2024 Reddit iliingia Soko la Hisa la New York kwa bei ya dola 34 kwa hisa. Nyaraka zake zilionyesha mikataba ya leseni za data yenye thamani ya dola milioni 203, na malipo ya Huffman ya mwaka 2023, mengi yakiwa hisa, yaliyofikia takriban dola milioni 193. Data hizo ni maswali na majibu ya watumiaji, yaliyochambuliwa na wasimamizi wa kujitolea. Baadhi yao walipewa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya kuanzia. Kununua, kwa fedha zao wenyewe.

Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza kanuni kwamba msimamizi hawezi tena kulifunga jukwaa la wazi bila idhini ya Reddit. Silaha pekee waliyokuwa nayo ikachukuliwa.

Reddit imewadhulumu waliojitolea kuijenga. Tunaitaka ifute kanuni hiyo, iwape wasimamizi sauti rasmi kabla ya uamuzi wowote unaogusa kazi yao, na Huffman aombe radhi hadharani kwa Selig na kwa wote aliowaita makabaila.