Kijana wa Kanga Hakukosa Nia

Imani iliyoenea miongoni mwa wasomi wa Tanzania, na inayorudiwa katika mahafali, makongamano ya vyuo na hotuba za wageni rasmi, ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka kijijini hukwama katika kutafuta ajira kwa sababu hajapata kuona mfano wa mtu aliyefanikiwa. Dawa yake, kwa imani hiyo, ni kumletea mtu wa namna hiyo amsimulie jinsi alivyosoma kwa taabu hadi akafika alipofika, kisha amuage kwa kumkumbusha kwamba penye nia pana njia. Mshauri wa kazi, yaani mtu mwenye uzoefu anayejitolea bila malipo kumwongoza mwanafunzi kutoka masomoni hadi kwenye ajira, hugeuzwa kuwa mtia moyo, na sifa yake kuu huwa cheo chake. Imani hiyo ni potofu na inamdhulumu yule yule ambaye inadai kumsaidia. Kijiji cha Kanga, kilichoko kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, mbali na Kilindoni yalipo makao makuu ya wilaya, kinatosha kuonyesha upotofu huo ulipo.

Kijana aliyezaliwa Kanga, katika kaya inayoishi kwa minazi, mihogo, mpunga na uvuvi, akafika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kingine chochote, amekwisha kutoa ushahidi wa nia yake kwa namna ambayo hakuna hotuba inayoweza kuuongeza. Ni kweli kwamba Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulisogeza shule za kata karibu na watu, kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na kwamba ile ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa mwaka 2022. Lakini kuondolewa kwa ada hakukuondoa bahari. Anayekwenda chuoni bado huanza kwa safari ya kushuka Kilindoni, kuvuka hadi Nyamisati upande wa bara, na kuingia basi la kwenda Dar es Salaam akiwa na fedha ambazo mara nyingi zimechangwa na watu wengi. Kumhubiria mtu huyo juu ya kujituma ni kumfundisha samaki kuogelea.

Anachokosa ni njia yenyewe, yaani ujuzi wa taratibu ambazo kwa mtoto wa ofisa wa mjini huzungumzwa mezani wakati wa chakula cha usiku na kwa mtoto wa mvuvi hazizungumzwi popote. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa mtandao ndani ya muda uliowekwa. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji sharti kihakikiwe na RITA, ambao ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kurasa za fomu hutiwa saini na mwombaji, mdhamini wake, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na wakili au hakimu, kisha hupigwa picha na kurudishwa mtandaoni. Kwa mkazi wa Upanga, jijini Dar es Salaam, kazi hiyo ni ya asubuhi moja, ilhali kwa mkazi wa Kanga kila saini inayokosekana inaweza kumaanisha safari nyingine ya Kilindoni huku siku ya mwisho ikikaribia. Hasara ya kukosea hapo si ndogo, kwa sababu asiyepata mkopo anaweza kuiacha nafasi ya chuo aliyokwisha kuipata kwa alama zake.

Hali ni hiyo hiyo mwishoni mwa masomo. Tangazo la kawaida la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kinachosimamia usaili wa kazi za serikali, humtaka mwombaji aambatishe nakala za vyeti zilizothibitishwa, husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazitakubaliwa, na humtaka aandike maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Sharti hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Wadhamini watatu maana yake ni watu watatu wenye kazi zinazotambulika na simu zinazopokelewa, wanaomfahamu kijana kiasi cha kuweza kusema neno juu ya utendaji wake. Katika ukumbi uliojaa wanafunzi mia mbili waliokwisha kumpigia makofi mgeni rasmi, ni wangapi watakaoruhusiwa kuandika jina la mgeni huyo katika fomu hiyo? Hakuna hata mmoja, kwa sababu mgeni huyo hamjui yeyote kati yao, na hapo ndipo thamani halisi ya ushauri wa jukwaani inapopimika.

Watetezi wa jukwaa husema kwamba kijana wa kijijini hana watu. Kanga yenyewe inakanusha dai hilo. Mwanaanthropolojia wa Uingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, ameeleza jinsi mtu wa huko anavyohesabu ukoo kwa upande wa baba na wa mama pia, hata akawa na nasaba katika zaidi ya kundi moja na kupata haki ya kulima au kujenga kupitia kila moja. Kijana wa namna hiyo ana watu wengi kuliko kijana wa ghorofa la mjini anayejua jirani mmoja. Tatizo lake lilielezwa vizuri na mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter katika makala yake ya mwaka 1973, aliyoyajenga kwa kuwauliza watu wa mji wa Newton, katika jimbo la Massachusetts, jinsi walivyopata kazi zao. Aligundua kwamba habari za kazi huja zaidi kupitia watu wa kufahamiana tu kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa watu wa karibu huzungukwa na habari zile zile, wakati mtu wa mbali kidogo huwa na habari za duara jingine. Ndugu wa Kanga watamchangia kijana nauli, watampokea Temeke au Mbagala, jijini Dar es Salaam, na kumlisha, lakini hawawezi kumwambia ni idara gani inayopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mwezi wa saba, kwa sababu hata wao hawajawahi kuambiwa.

Mfano mmoja unaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Mafia ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, mwaka 1995, ambayo ofisi zake ziko Utende. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni takriban kuanzia Oktoba hadi Machi na kuvuta watalii na watafiti wa mataifa mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Mwanafunzi wa biolojia aliyekulia Kanga amezungukwa na fani yake kila upande, tena anaijua bahari kwa macho na kwa mikono kabla ya kuisoma kitabuni. Mgeni rasmi anaweza kumwambia mara kumi kwamba bahari ni utajiri, lakini kinachoweza kumgeuza kuwa mtafiti ni mtu wa kumwonyesha barua iandikwe kwa nani, iambatishwe nini na ipelekwe lini, kisha akaisoma rasimu ya kwanza na kumrudishia ikiwa imesahihishwa.

Wasifu wa mtu aliyefanikiwa una kasoro nyingine, ambayo wasimulizi wenyewe hawaioni. Wengi wa wazee wanaoalikwa kusimulia walihitimu wakati serikali ndiyo iliyowapanga wahitimu wa vyuo vikuu kazini, utaratibu uliokwisha pamoja na mageuzi ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bidii yao ilikuwa ya kweli, lakini njia waliyopita haipo tena, na anayemwelekeza kijana kwenye njia isiyokuwapo humpotezea muda hata kama anampenda. Zaidi ya hayo, masimulizi hayo karibu yote huwa ni hadithi ya kuondoka, ambamo kijiji ni mahali pa giza na mafanikio hupimwa kwa umbali kutoka hapo. Mwalimu Nyerere alikwisha kulikemea jambo hilo Machi 1967 katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, aliposhutumu elimu inayomtenga mtoto na jamii iliyomlea na kumfanya aione shule kuwa tiketi ya kuikimbia. Inasikitisha kwamba zaidi ya nusu karne baadaye shutuma hiyo inawastahili watu wanaodhani wanajitolea kwa ajili ya vijiji.

Pwani haihitaji kuazima mfano wa malezi ya kazi. Fundi wa mashua wa Jibondo au Chole, visiwa vidogo jirani na Mafia, hamkusanyi kijana chini ya mwembe kumweleza jinsi alivyokuwa fundi mashuhuri. Humpa tezo, humwekea ubao, humtazama akichonga, na anapokosea humwonyesha alipokosea juu ya ubao ule ule. Humfundisha kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba kabla chombo hakijapakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na hilo hujifunzwa kwa vidole, si kwa masikio. Chombo kikishushwa majini kikavuja, aibu ni ya fundi, na kwa sababu hiyo fundi hawezi kumlea mwanagenzi kwa siku moja.

Aibu hiyo, yaani wajibu wa kujibu kwa matokeo, ndiyo inayokosekana katika ushauri wa kujitolea, na hukosekana kwa kisingizio kwamba anayejitolea hadaiwi. Hoja hiyo haina msingi, kwa maana msaada unaokatizwa una madhara yake. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha utafiti kuhusu vijana waliopangiwa washauri wa kujitolea, wakaonyesha kwamba waliodumu na washauri wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walipungukiwa na hali ya kujithamini. Vijana hao walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wa chuo, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba ahadi inayoachwa njiani humuumiza wa miaka kumi na mitatu na haimuumizi wa ishirini na mmoja.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima. Msichana wa kaskazini mwa Mafia ambaye hajapata kumwona mwanamke mhandisi au nahodha wa meli hunufaika kumwona, na hata wazazi wake hunufaika, kwa kuwa kuona huvunja dhana ambayo maneno hayakuivunja. Jambo hilo likubaliwe. Lakini msichana huyo akiisha kumwona mhandisi, kesho yake atahitaji kujua mchanganyiko wa masomo unaoruhusu kusomea uhandisi, na hapo tena hitaji lake ni mtu wa kumpigia simu.

Anayefaa zaidi kupigiwa simu hiyo si mkurugenzi. Ni mhitimu wa miaka mitatu iliyopita ambaye bado anaikumbuka fomu ya mkopo, ofisa uvuvi wa halmashauri, muuguzi, mwalimu, au mwenyeji wa Mafia aishiye Dar es Salaam na afanyaye kazi ya kawaida ofisini. Wanafunzi wawili au watatu wanamtosha kwa mwaka mzima wa masomo, na sehemu kubwa ya kazi yake itafanyika kwa simu na kwa kusoma barua usiku. Vyuo, halmashauri na jumuiya za wenyeji zinazopanga siku za ushauri ziache kumuuliza mgeni cheo chake, zimuulize kama yuko tayari jina lake liandikwe katika orodha ya wadhamini watatu. Asiyekuwa tayari kwa hilo aalikwe kama mgeni na aheshimiwe kama mgeni, lakini asihesabiwe kuwa mshauri.