Pima kwanza, ndipo ulaumu

Amplifaya ndogo iliyonunuliwa Dar es Salaam inavuka mpaka wa Kobero na kufika Buyenzi, hapa Bujumbura. Wiki haijaisha, mteja anairudisha: sauti inakatika. Fundi anabadilisha spika, halafu transista, mwisho anasema mali ya Tanzania ni mbovu. Mfanyabiashara amepoteza mtaji, na jirani amelaumiwa bila ushahidi.

Fundi asiguse kipuri kabla ya kupima. Adapta ya volti 12 ikiwa haijaunganishwa na kitu, multimita inaweza kusoma 12 na bado adapta ikawa mbovu. Ipimwe wakati amplifaya inapiga muziki. Ikishuka hadi 7, ijaribiwe adapta nyingine nzima. Hiyo ikitulia kwenye 12 na sauti ikarudi, amplifaya haina kosa. Ikiwa volti hazishuki na sauti bado inakatika, ndipo afungue na kuifuata sauti hatua kwa hatua hadi inapopotelea.

Wafanyabiashara wenzangu, tudai kipimo dukani, kifaa kikifanya kazi, na namba iandikwe kwenye risiti. Mzigo ukirudi, tubishanie namba hiyo, si uraia wa muuzaji.